Mwaka wa Jua Jekundu Olney

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 1783, William Cowper alikaa kwenye kibanda chake cha vioo nyuma ya nyumba, akaandika barua. Ilikuwa siku tulivu. Mihadasi aliyoipanda ilichungulia dirishani, na hapakusikika nyayo za mtu. Alimweleza rafiki yake, Kasisi William Unwin, kwamba majira ya kuchipua yamekwisha, nayo kwa maoni yake ndiyo kipupwe kikali kuliko vyote. Sasa angeweza kukaa nje, kupumua na kuandika mashairi.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, zaidi ya kilomita 1,600 kuelekea kaskazini-magharibi, ardhi ya Iceland ilipasuka. Ufa wa Laki uliendelea kufunguka mpaka ukafika urefu wa kilomita 27 hivi, ukawa na mashimo zaidi ya 100 yanayotema moto, na haukunyamaza hadi Februari ya mwaka uliofuata. Cowper hakuijua habari hiyo siku ile, wala baadaye hakupata kuielewa sawasawa. Lakini barua alizoziandika kwa miezi kumi na mitatu iliyofuata zimetuhifadhia jambo ambalo vitabu vya wafalme havina: namna anga lilivyobadilika juu ya mji mmoja mdogo wa Uingereza, na namna kila nyumba ilivyolipia mabadiliko hayo kwa kadiri ya kilichokuwamo mfukoni.

Mji wenyewe ni Olney, katika jimbo la Buckinghamshire, takriban kilomita 80 kutoka London. Uko kando ya mto Great Ouse, mto mpole usio na haraka, unaojipinda katika malisho tambarare kama mtu asiyetaka kufika anakokwenda. Mtu aliyetoka kusini alivuka daraja refu la mawe. Urefu huo haukuwa kwa ajili ya mto wa kiangazi, ambao ungeweza kuvukwa kwa hatua chache. Ulikuwa kwa ajili ya mto wa kipupwe, ulipofurika na kugeuza malisho yote kuwa ziwa. Baada ya daraja lilikuja kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo na mnara wake mrefu uliochongoka, kisha uwanja wa soko wenye umbo la pembe tatu, kisha barabara pana iliyonyooka kaskazini, na nyumba za mawe pande zote mbili. Nyumba ya Cowper, iliyoitwa Orchard Side, ilitazama uwanja wa soko. Kila aliyenunua, aliyegombana au aliyelewa sokoni alipita mbele ya dirisha lake.

Alikuwa amekaa hapo tangu 1768 pamoja na Mary Unwin, mjane wa kasisi na mama wa yule William aliyeandikiwa barua. Alisomea sheria, lakini maradhi ya akili na huzuni kubwa yalimshika ujanani, yakamrudia mwaka 1773, na hayakupata kumwachia kabisa. Alijitibu kwa kazi za mikono na za kalamu: alitengeneza vizimba vya ndege, akalima matango, akatunga mashairi. Jirani yake, ambaye bustani zao zilikaribiana, alikuwa John Newton, aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa kasisi wa Olney mwaka 1764. Huyu ndiye aliyetunga, kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya wa 1773 mjini hapo, wimbo wa neema ya ajabu ambao Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanauimba hadi leo. Mwaka 1780 Newton alihamishiwa parokia moja ya London. Hapo ndipo bahati yetu ilipo. Kama angebaki, wawili hao wangeendelea kuzungumza bustanini na maneno yangepotea na upepo. Kwa kuwa aliondoka, Cowper alilazimika kumwandikia kila lililotokea mjini, naye Newton alitaka kujua yote, kwa maana wale walikuwa watu wake.

Na watu wenyewe, walio wengi, walikuwa wafumaji wa lesi. Mwaka 1780 Cowper aliandika kwamba mji huu maskini ulikuwa na wafumaji wapatao 1,200, na kwamba mamia yao walikuwa karibu kufa njaa ingawa hawapumziki. Lesi ya huko ilifumwa juu ya mto uliojazwa mabua makavu. Kielelezo kilichotobolewa kwenye ngozi kiliwekwa juu ya mto, pini zikachomekwa, na nyuzi zilizoviringishwa kwenye vijiti vidogo vya mfupa au mti zikapitishwa huku na huku, kijiti juu ya kijiti, kwa kasi ambayo jicho la mgeni haliwezi kuifuata. Wasichana walianza kazi hii wakiwa wadogo sana. Lesi haina msamaha kwa mkono mchafu, kwa hiyo katika chumba cha kufumia hapakuwa na moto wa kuni wenye moshi na masizi. Wakati wa baridi wanawake waliweka chungu cha makaa karibu na miguu, chini ya sketi zao. Baridi, giza na unyevu vilikuwa sehemu ya bei ya kila kipande cha lesi, ingawa mnunuzi wa London hakuviona.

Basi, kabla Juni haijakwisha, hewa ilibadilika. Uliingia ukungu ambao haukuwa ukungu. Watu wa bonde la Ouse wanaujua ukungu wa kawaida: hupanda kutoka mtoni alfajiri, mweupe na wenye maji, na jua likipata nguvu huyeyuka. Huu ulikuwa mkavu, ulikaa mchana kutwa, na upepo haukuuondoa. Cowper alimwandikia Newton kwamba jua limenyang'anywa miale yake, kwamba miti haionekani vizuri ikiwa mbali kiasi cha maili moja, na kwamba jioni jua linazama likiwa jekundu kama chuma kilichotolewa kwenye tanuri. Kusini zaidi, katika kijiji cha Selborne, kasisi Gilbert White, aliyekuwa akiandika daftari la hali ya hewa kila siku, alihesabu kwamba ukungu huo ulidumu kuanzia tarehe 23 Juni hadi tarehe 20 Julai. Aliona mwanga wenye rangi ya kutu ukianguka sakafuni. Nyama iliyochinjwa jana haikulika leo, na nzi walijaa vichochoroni hadi farasi wakataka kupagawa.

Juu ya hayo kulikuwa na joto. Katika kumbukumbu za vipimo vya joto za katikati ya Uingereza, Julai ya 1783 ilibaki kuwa Julai yenye joto kuliko zote kwa miaka 200. Zikafuata radi za kutisha. Tarehe 18 Agosti kimondo kikubwa kilipita juu ya Uingereza, kikaangaza nchi usiku.

Tunapozisoma barua za majira hayo, tunawasikia majirani wa Cowper wakijadiliana. Wako walioogopa kulala, wakingoja tetemeko la ardhi. Hofu hiyo haikuwa upumbavu: Februari ya mwaka uleule matetemeko yalikuwa yameua maelfu ya watu huko Calabria, kusini mwa Italia, na magazeti yalileta habari hizo hadi Olney. Wako walioapa kwamba jua halichomozi tena pale lilipokuwa likichomoza. Wako waliosema siku ya hukumu imewadia. Cowper mwenyewe, aliyeamini kwa miaka mingi kwamba Mungu amemwacha, aliyaandika haya kwa utani mwepesi. Lakini shairi lake refu lililotoka 1785, *The Task*, linaurudia ukungu ule kama ishara nzito. Mtu anaweza kucheka mchana na kutetemeka usiku, wala kimojawapo si uongo.

Chanzo cha ukungu ule kiko wazi leo. Laki ilirusha hewani takriban tani milioni 120 za gesi ya salfa, ambayo ilichanganyika na unyevu ikawa matone madogo ya asidi, na upepo ukayatandaza juu ya Ulaya. Wakati ule wachache walikaribia kulijua hilo. Benjamin Franklin, aliyekuwa mjumbe wa Marekani mjini Paris, alidokeza mwaka 1784 kwamba huenda volkeno ya Iceland ndiyo iliyotoa moshi huo, na kwamba huenda uliipunguzia ardhi joto la jua. Huko Iceland kwenyewe hakuna aliyehitaji kudokezewa. Sumu iliingia majanini. Zaidi ya nusu ya ng'ombe na sehemu kubwa zaidi ya kondoo walikufa, na njaa iliyofuata ikaangamiza mtu mmoja katika kila watano. Tarehe 20 Julai kasisi Jón Steingrímsson aliwakusanya waumini kanisani huku mto wa moto ukija upande wao, akahubiri kama mtu anayeaga; ibada ilipokwisha walikuta moto umesimama. Madhara hayakukomea Ulaya. Wataalamu wa tabianchi wanaona kwamba kupoa kwa upande wa kaskazini wa dunia kulidhoofisha mvua za msimu barani Afrika. Mafuriko ya Nile ya mwaka ule yalikuwa hafifu, mashamba ya Misri yakakosa maji, na njaa ikaingia. Mkulima wa Misri na mfumaji wa Olney hawakupata kusikiana habari, lakini walikaa chini ya wingu moja.

Olney ilianza kulipa wakati wa mavuno. Mapema Septemba Cowper aliandika kwamba homa imeenea katika nchi ile kiasi kwamba wakulima wanavuna kwa shida. Karibu kila siku vibarua walibebwa kutoka shambani wakiwa hawana nguvu, na wengi walikufa. Waliougua walikuwa wale waliofanya kazi nje kutwa, wakivuta hewa ile huku wameinama. Mwenye shamba alipoteza nafaka kidogo. Nyumba ya kibarua ilipoteza mshahara wa mavuno, ambao ndio uliolipa kodi ya nyumba na viatu vya mwaka mzima. Watafiti waliopekua daftari za mazishi za parokia wamekadiria kwamba Uingereza ilipata vifo karibu 20,000 zaidi ya kawaida katika kiangazi na kipupwe cha msimu ule, na mashariki ya nchi ndiko kulikoumia zaidi. Chanzo cha kila kifo hakiwezi kuthibitishwa kaburi kwa kaburi. Ushahidi wa barua na ushahidi wa daftari, hata hivyo, unasimama upande mmoja.

Mwezi Novemba moto uliwaka mjini. Majirani walikimbia na ndoo, wengine wakaokoa mali za watu, na wengine wakaziokoa kwa faida yao. Mwizi mmoja alikamatwa na vyuma alivyochukua katika vurugu ile, akahukumiwa kuchapwa mijeledi akiwa amefungwa nyuma ya mkokoteni, kwenda na kurudi barabarani. Cowper alimsimulia Newton tukio hilo, nami naona ni kati ya vipande bora kabisa vya barua zake. Mtumishi wa parokia aliyepewa mjeledi alikuwa ameficha rangi ya udongo katika kiganja cha kushoto. Baada ya kila pigo aliupitisha mjeledi kiganjani, ili ukigusa mgongo uache alama kama ya jeraha. Mwizi hakuumia hata kidogo. Konstebo aliyefuata nyuma aligundua hila hiyo, akaanza kumpiga mtumishi kwa fimbo, naye hakuigiza. Kadiri konstebo alivyozidisha, ndivyo yule mwingine alivyokataa kupiga kwa nguvu. Wakaenda hivyo hadi msichana mmoja wa Silver End, mtaa wa mafukara wa Olney, alipojiunga na msafara, akamshika konstebo nywele zake zilizofungwa kisogoni, akamvuta nyuma na kumzaba makofi.

Siwezi kuitenga hadithi hii na mwaka ilimotokea. Huu ni mji uliotoka katika homa, wenye mavuno yaliyochelewa, unaoingia katika baridi. Aliyeiba chuma alikuwa mwenzao. Mtumishi aliyepaka rangi na msichana aliyezaba makofi walikuwa wamekwisha kukubaliana, bila kikao, kwamba migongo imeumia vya kutosha.

Kisha baridi ikaja. Ilipokwisha, Februari 1784, Cowper alimpongeza Newton kwa kuyeyuka kwa jalidi iliyodumu majuma tisa karibu bila kukatika, ndefu kuliko yoyote tangu ile ya 1739. Majuma tisa! Kwa anayeishi karibu na ikweta, kipimo hiki kinahitaji kufikiriwa polepole. Maji ya mtungi yanaganda ndani ya nyumba. Ardhi inakuwa ngumu kama sakafu, hivyo kibarua hana pa kuchimba wala pa kulima, na asiyefanya kazi halipwi. Kuni zinapanda bei wakati uleule mshahara unapokatika. Mfumaji vidole vyake vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakiwezi kurusha kijiti. Katika barua nyingine ya mwezi huo, kwa Kasisi William Bull wa mji jirani wa Newport Pagnell, Cowper alisema wazi kwamba yeye hakukosa kitu chochote cha kumsaidia kuistahimili baridi, na bado anafurahi imekwisha; je, wale waliokosa kila kitu wafurahije? Hakuishia kwenye swali. Katika miaka hiyo mwenye benki mmoja tajiri alituma fedha kwa ajili ya maskini wa Olney kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, na Cowper na Mary Unwin ndio waliozigawa, wakizigeuza blanketi, nguo na makaa.

Jalidi ilipoyeyuka, mto ulipanda, na sasa urefu wa daraja ukapata maana yake. Kwa kipupwe chote nyumba ya Orchard Side ilikuwa kama kisiwa. Njia ziligeuka matope, na matembezi ya Cowper na Mary yalipungua hadi kwenye kijia cha changarawe bustanini, chenye urefu wa hatua chache, walichokipita mara nyingi kwa siku kama wafungwa. Kilichowaunganisha na ulimwengu ni tarishi wa barua aliyevuka daraja juu ya maji ya mafuriko, buti zimejaa tope, nywele zimeganda, akipuliza baragumu lake. Mkobani mwake ndimo zilimokuja habari za amani na Marekani, za maputo ya wana wa Montgolfier yaliyopaa Ufaransa, na za wabunge waliokuwa wakipigania madaraka. Cowper alimweka mtu huyu ndani ya *The Task*, naye anavuka daraja lile hadi leo, asijue ndani ya mkoba ule kuna harusi ya nani au msiba wa nani.

Mafuriko yalipopungua, siasa iliingia mlangoni kwa miguu yake. Mwishoni mwa Machi 1784 palikuwa na uchaguzi. Cowper na mabibi wawili walikuwa wamekaa sebuleni baada ya chakula, mabibi wakifuma, yeye akikunja nyuzi, ndipo kundi la watu likatokea dirishani. Mlango wa mbele haukuweza kufunguliwa, kwa sababu Puss alikuwa huru chumbani. Puss alikuwa sungura dume. Cowper alimfuga tangu 1774 pamoja na wengine wawili, Tiney na Bess, na kuwatunza kulimsaidia kutoka katika mwaka wake mbaya kuliko yote. Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura mjanja tungependa kusikia kwamba alimpiga chenga mgombea. Kwa kweli alitimka tu kwa hofu, huku watoto wakipiga kelele na mbwa wakibweka. Mgombea akazungushwa mlango wa nyuma na kuingilia jikoni.

Alikuwa kijana wa miaka 24, nadhifu, mwenye macho mazuri, jina lake William Grenville. Aliomba kura. Cowper alimwambia hana kura, na hilo likaaminika kwa urahisi. Akaomba basi amsaidie kwa ushawishi wake. Cowper akasema hana ushawishi, na hilo halikuaminika, kwa kuwa muuza vitambaa mmoja aliyekuwa katika msafara aliapa kwamba anao mwingi. Grenville akampa mkono, akawabusu mabibi, akambusu na mtumishi wa kike jikoni alipokuwa akitoka, akaenda zake. Dakika chache baadaye nyumba ilikuwa imetulia, Puss amerudi sandukuni.

Kijana huyo alipata kiti chake, na mwaka 1806 akawa Waziri Mkuu. Ni yeye aliyeupeleka katika Bunge la Malodi muswada wa kupiga marufuku biashara ya watumwa katika meli za Uingereza, nao ukawa sheria tarehe 25 Machi 1807. Newton, aliyeandika kijitabu mwaka 1788 kukiri aliyoyafanya na kuyaona kwenye pwani ya Afrika Magharibi, alikuwa bado hai London, mzee aliyepofuka, na aliaga dunia Desemba ya mwaka ule. Cowper, aliyetunga mashairi ya kupinga biashara hiyo, hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 1800.

Lakini hayo ni ya mbele. Mwaka wa jua jekundu ulikuwa bado na hesabu moja. Serikali mpya ya William Pitt ilihitaji fedha za kulipia vita vya Marekani vilivyokwisha, na katika kiangazi cha 1784 ikaongeza kodi ya mishumaa. Bungeni jambo hilo lilionekana dogo, nusu peni hapa na pale. Mwanzoni mwa Julai, jua likiwa na miale yake kamili na usiku ukiwa mfupi, Cowper alichukua kalamu kwa hasira ambayo hakuionyesha mara nyingi. Alitamani waziri aje Olney, aingie katika vibanda vya wafumaji wa lesi majira ya baridi, awaone wakifanya kazi kwa mshumaa wa bei ya chini kabisa kuanzia saa kumi alasiri hadi saa sita usiku.

Waziri hakuja. Kama angekuja Desemba, angekuta kigoda katikati ya chumba na mshumaa mmoja juu yake. Kuuzunguka angeona chupa za kioo zenye tumbo la mviringo, zimejazwa maji safi ili zikusanye mwanga na kuutupa juu ya mito ya lesi. Wanawake walikaa duara nyuma ya chupa hizo, walio hodari karibu, wengine nyuma yao, kila mmoja akisogeza mto wake mpaka duara dogo la mwanga liangukie pale pini inapoingia.